Ngoma Iko Wapi Hapo?

Desemba 1981 nilikuwa na umri wa miaka 15, nimemaliza kidato cha kwanza, na likizo yote niliimaliza nyumbani kwa mjomba wangu, Ngamiani, Tanga. Mama nilimwambia kwamba nakwenda kumsaidia mjomba kazi za dukani, na kazi kweli nilizifanya, lakini kilichonipeleka kule kilikuwa chumbani mwake: gitaa kavu lililotundikwa ukutani kwa kamba ya katani, na sanduku la mbao lililojaa santuri ambazo sikuwahi kuzisikia popote pengine mjini.

Mjomba alikuwa baharia. Alipanda meli tangu mwaka 1953 mpaka alipoichoka bahari mwishoni mwa miaka ya sitini, na meli nyingi alizofanyia kazi zilikuwa za mizigo, zilizopakia katani hapohapo Tanga na kuipeleka Ulaya na Marekani. Wenzake walirudi na saa, redio na vitambaa vya suti. Yeye alirudi na santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi za vijana wa Kimarekani wa miaka ya hamsini: Elvis Presley, Chuck Berry, Buddy Holly, na wale ndugu wawili, akina Everly, waliokuwa wakiimba kwa sauti mbili zilizoshikana kama nyuzi za mkeka. Tanga wakati ule ulikuwa mji wa muziki hasa. Kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kulikuwa na taarabu ya Black Star na Lucky Star, na kijana yeyote aliyeshika gitaa alitaka kupiga solo za bendi hizo. Mimi nilizipenda pia, na nazipenda mpaka leo. Lakini zile santuri za mjomba zilinikamata kwa namna nyingine. Nyimbo zilikuwa fupi, dakika mbili au zaidi kidogo, nyingi zikijengwa kwa kodi tatu tu, yaani mafungu matatu ya noti zinazolia pamoja, na zilianza kama mtu anayefungua mlango kwa nguvu na kuingia bila kubisha.

Hali ya gitaa lenyewe ilikuwa ya kusikitisha. Nchi ilikuwa bado katika dhiki iliyofuata vita vya Kagera, sabuni na sukari zilikuwa za kutafutwa, seuze nyuzi za gitaa. Uzi wa kwanza na wa pili ulikuwa umekatika zamani, na mjomba alinionyesha namna ya kuupata mwingine: unachukua waya wa breki ya baiskeli, unaufumua, unachagua unywele mmoja ulionyooka, unaufunga fundo dogo upande wa chini na kuukaza polepole huku uso umeugeuzia pembeni, kwa sababu ukikatika unaweza kukupiga jichoni. Uzi wa namna hiyo unalia vizuri, lakini ni mgumu, na shingo ya gitaa lile ilikuwa imejipinda kiasi kwamba kati ya nyuzi na ubao paliweza kupita penseli. Wiki ya kwanza vidole vyangu vilichanika, wiki ya pili vikaota sugu.

Nilianza na Chuck Berry, kwa kuwa mjomba alisema kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Mtindo wake wa kusindikiza nyimbo ni rahisi kuueleza. Unapiga uzi wa tano mtupu pamoja na uzi wa nne, na kwenye uzi wa nne kidole cha shahada kinabana freti ya pili, yaani nafasi ya pili kati ya vijichuma vya shingoni. Kisha, bila kukiondoa, unanyoosha kidole cha pete mpaka freti ya nne, unarudi, unanyoosha tena, mara mbili kwa mara mbili, kama mtu anayepiga hatua bila kuondoka mahali pake. Mpango huo ulitoka kwa wapiga piano, ambao mkono wao wa kushoto ulikuwa ukifanya kazi hiyohiyo kabla ya gitaa kuichukua. Kwa mkono wa kijana wa miaka 15, kwenye gitaa lenye shingo iliyopinda, kile kidole cha pete kilikuwa kikifika freti ya nne kwa kuomba. Nilikipata hatimaye, lakini nilikipiga kama mtu anayehesabu fedha.

Nikauacha, nikahamia kwenye santuri niliyoipenda kuliko zote, wimbo wa kwanza wa Elvis, “That's All Right”. Mjomba aliununua New York, katika toleo lililotolewa na RCA Victor baada ya kampuni hiyo kununua mkataba wa kijana huyo mwishoni mwa 1955. Ndani ya wimbo huo kuna solo ya gitaa la umeme, fupi, nyepesi, inayoruka kama panzi, na niliapa kwamba sitarudi shule kabla ya kuipata. Nilikuwa nimegundua hila moja. Gramafoni ya mjomba ilikuwa na swichi ya kasi, na ukiiweka santuri ya 45 kwenye kasi ya 33, wimbo unapunguza mwendo kiasi kwamba unaweza kuzihesabu noti moja moja. Tatizo ni kwamba sauti nayo inashuka: wimbo uliopigwa katika sauti ya A unaangukia chini kidogo ya E, mahali pasipo na jina. Kwa hiyo kila asubuhi nililegeza nyuzi zote sita mpaka zilingane na ile santuri iliyochoka, na kwa siku kumi nzima nyumba ile ilimsikia Elvis Presley akinguruma kama mzee aliyeamshwa usingizini, na mimi nyuma yake nikiokota noti na kuziangusha.

Ilikuwa jioni ya Ijumaa mjomba aliponijia. Alikuwa ametoka kuoga, amevaa msuli na fulana, na alikaa juu ya ukingo wa kitanda akanisikiliza muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza:

“Mjomba, humo ndani unamtafuta nani?”

“Namtafuta mpiga solo, mjomba.”

“Huyo ana gitaa la umeme na amplifaya nyuma yake. Wewe umeshika nini?”

“Gitaa kavu.”

“Na humo ndani gitaa kavu halimo?”

Sikuwa na jibu. Kwa kweli sikuwa nimelisikia. Mjomba alinyanyuka, akairudisha swichi kwenye 45, akaiweka sindano mwanzo kabisa, na wimbo ukaanza kwa mwendo wake wa haki ambao nilikuwa karibu kuusahau. Aliuacha mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo nimelibeba hadi utu uzima wangu: “Ngoma iko wapi hapo?”

Nilimwambia ngoma ipo. Nilikuwa na hakika nayo. Wimbo ulikuwa ukikimbia, na wimbo haukimbii bila ngoma. Akaniambia nisikilize tena. Nikasikiliza tena, nikasema ipo, iko nyuma, iko chini. Akaurudisha mara ya tatu, na safari hii aliinamisha kichwa na kunyoosha kidole hewani, akakitikisa kila mahali nilipodhani kwamba ngoma inalia, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kila mahali alipotikisa kidole palikuwa na nyuzi. Ngoma haikuwapo. Kulikuwa na besi kubwa ya kusimama, ambayo mpigaji wake alikuwa akiivuta nyuzi na kuzipiga kwa kofi hadi zigonge ubao, na kulikuwa na gitaa kavu la yule mwimbaji mwenyewe, ambalo ndilo lililoufungua wimbo na ambalo halikunyamaza hata pigo moja mpaka mwisho.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za siku ile waliyorekodi, na kila nilichosoma kilinirudisha kwenye chumba cha mjomba. Ilikuwa tarehe 5 Julai 1954, katika studio ndogo ya Sam Phillips, namba 706, Union Avenue, mjini Memphis. Walikuwa watatu tu: Elvis, kijana wa miaka 19, na gitaa lake kavu, Scotty Moore na gitaa la umeme, Bill Black na besi. Wimbo haukuwa wao. Ulikuwa wa Arthur Crudup, Mmarekani mweusi kutoka Mississippi, aliyeurekodi mwaka 1946, na ambaye alifariki mwaka 1974 bila kulipwa haki iliyostahili kazi yake, jambo ambalo linanichoma kila ninapoupiga. Nilijifunza pia kwamba Moore alikuwa akitumia dole gumba kwa nyuzi nene na vidole vingine kwa nyuzi nyembamba, ndiyo sababu kile kipande cha plastiki nilichokikata kutoka kwenye kopo ili kupigia nyuzi kisingenifikisha kokote. Mjomba alilijua hilo kwa sikio. Alisema solo ile ni binamu wa upigaji wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, dole gumba likitembea peke yake na kidole cha shahada kikijibu, na kwamba nikitaka kuipata ningepaswa kwanza kukaa miaka miwili na Bosco.

Lakini jioni ile hakuzungumzia sana solo. Alitaka mkono wangu wa kulia. Aliniambia nishike kodi ya A na nisiibadilishe, nipige tu, na nilipopiga alinisimamisha baada ya mapigo manne. Mkono wangu, alisema, unakwenda chini, unasimama kufikiri, kisha unakwenda tena. Halafu akanigeuza kuelekea uani, ambako mkewe alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi kwa ajili ya wali wa usiku.

“Usinitazame mimi. Mtazame mkaza mjombako.”

Nilimtazama. Alikuwa akizungumza na jirani juu ya ukuta, wala hakuwa akiiangalia nazi. Kifuu kilikwenda chini kikikwangua, kikarudi juu bila kugusa kitu, kikaenda tena, na hata alipocheka, hata alipogeuza kichwa kumkemea mtoto, mkono haukupungua wala kuongeza mwendo. Kila baada ya muda alikizungusha kifuu kidogo ili kupata nyama mpya, na hata huko kuzungusha kulikuwa ndani ya mwendo uleule. Mjomba alisema: unaona, mkono unaporudi juu haukuni kitu, lakini haukosi kurudi. Nami nirudi vivyo hivyo. Nisipotaka nyuzi zilie, nisizisimamishie mkono. Niupitishe mbele yake tu, mtupu, kisha niende tena.

Nilianza upya. Chini kwenye nyuzi nene, juu mtupu, chini kwenye nyuzi nyembamba, juu nikizigusa kidogo, na upande wa kiganja ukizifunika nyuzi mara tu baada ya pigo la pili na la nne ili sauti ikatike, kama mpiga ngoma anavyoibana ngozi. Nilijitahidi kumfuata mkaza mjomba, mkwaruzo kwa mkwaruzo, na baada ya robo saa hivi nilianza kuhisi kitu ambacho siku kumi za kuokota noti hazikuwahi kunipa: ubao wa gitaa ulikuwa ukitetemeka kifuani mwangu kwa mpango. Mjomba akaweka sindano. Elvis akaanza peke yake na gitaa lake, nami nikaingia pamoja naye. A ikakaa muda mrefu, D ikaja, E ikaja, nikarudi nyumbani. Nilikosea kodi mara mbili au tatu, lakini mkono haukusimama, na nilipokosea wimbo ulinipita kidogo, ukaningoja mbele, nikaudaka.

Tuliurudia mara nne, pengine tano. Kiza kilikuwa kimeingia. Katika mara ya mwisho, tulipokuwa tunaikaribia ile solo niliyoapa kuipata, umeme ulikatika mtaa mzima. Sauti ya santuri ilizama na kutoweka kwa mara moja, na chumba kikawa cheusi tii.

Niliposikia kimya kile, nilitambua kwamba hakikuwa kimya. Mkono ulikuwa bado unakwenda. Nakumbuka hofu fupi iliyonijia, ya kutaka kusimama kwa adabu kwa kuwa mwenye wimbo ameondoka, na nakumbuka kwamba sikusimama. Kodi nilizishika kwa kupapasa. Mahali palipopaswa kuwa na solo, mjomba alipiga mluzi, si noti zilezile, bali kitu chake mwenyewe chenye harufu ya Bosco, na viganja vyake vikawa vinagonga sanduku la santuri badala ya ile besi. Uani mkaza mjomba aliwasha koroboi na kuileta mlangoni. Nyuma yake walikuja watoto wa jirani wawili, wakakaa kizingitini, wakaanza kupiga makofi kwenye pigo la pili na la nne bila kuambiwa na mtu. Tuliuzungusha wimbo ule sijui mara ngapi. Mjomba alikuwa akiimba maneno ya Kiingereza aliyoyakumbuka, na asipoyakumbuka aliweka majina ya bandari.

Umeme uliporudi hakuna aliyekuwa ameizima gramafoni. Sahani ilianza kuzunguka yenyewe, sauti ikapanda kutoka chini kabisa, ikinguruma, mpaka ikafika mahali pake katikati ya wimbo, pasipolingana kabisa na pale tulipokuwa sisi. Nilisita. Mjomba alinyoosha mkono, akauinua mkono wa sindano, akaulaza pembeni na kuzima swichi.

“Endelea,” alisema.