Kabla ya kurekodi albamu, wimbo wangu wa kantri niliupeleka kwa fundi cherehani

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni huu: "Usimsikilizishe mtu wimbo wako, watakuibia." Nimeambiwa hivyo na watu wazima kabisa. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu unapoitunga, hata kama hujafika COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuisajili. Jirekodi kwenye simu, tunza faili lenye tarehe, halafu waimbie watu. Ukiuficha wimbo hauibiwi, sawa, ila hakuna wa kukuambia ubeti wa tatu haueleweki, na studio ukishalipa laki na kitu hairudi.

Mimi natunga kantri kwa Kiswahili, naishi Sakina, Arusha. Watu hushangaa, kisha wanakumbuka kanda za Don Williams, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alizokuwa nazo baba yao. Bwana yule alitumbuiza hadi Harare mwaka 1997, kwa hiyo muziki huu si mgeni Afrika. Wimbo niliotaka kuufungulia albamu unamhusu dereva wa lori la vitunguu, kutoka Mang'ola mpaka soko la Kilombero hapa mjini, na mtoto wake anayemsubiri. Beti tatu, kiitikio, kodi za gita tatu, G, C na D, basi.

Ndugu na marafiki niliowatumia kwa WhatsApp walijibu "umetisha" na vialama vya moto. Nawapenda, lakini jibu hilo halirekebishi mstari hata mmoja. Prodyuza mmoja akasikiliza kiitikio tu, akataka niondoe ubeti na kuweka biti ya kuchezeka. Nikakataa. Kantri ni hadithi. Ukiondoa ubeti, hadithi inabaki na pengo.

Nashville, mji wa kantri kule Marekani, watunzi hukaa duara kwenye mkahawa wa Bluebird, uliofunguliwa mwaka 1982, kila mmoja akaimba wimbo wake kwa gita tupu na wateja wote kimya. Baa zetu hazinyamazi, na sizilaumu. Nikajiuliza: ni wapi mjini hapa watu wanasikiliza maneno kutwa nzima huku mikono ina kazi? Kwa mafundi cherehani.

Nikajirekodi usiku kwa simu, sauti na gita tu, kwa makusudi, kwa sababu kinanda na ngoma hufunika udhaifu wa maneno. Nikaujaza kwenye flashi, katikati ya nyimbo za zamani za kantri, bila kusema ni wangu. Asubuhi nikaenda Kaloleni na suruali ya kukatwa urefu. "Shikamoo mzee, naomba tusikilize flashi yangu kidogo." Akaichomeka kwenye redio.

Nilikuwa nasikiliza cherehani kuliko redio. Nyimbo mbili za mwanzo, mguu wake uliendelea kukanyaga pedeli. Wangu ulipoingia na kutaja Mang'ola, cherehani ikasimama. Mzee akabaki ameshika kitambaa, ubeti wa kwanza wote. Kwenye kiitikio akaguna nao taratibu. Ubeti wa pili bado kimya. Wa tatu ulipofika katikati, mguu ukarudi kwenye pedeli, na hapo nikajua nimempotezea pale.

Sikumuuliza kama wimbo ni mzuri, maana mtu mstaarabu hawezi kukujibu "mbaya". Nikamwomba anisimulie alichosikia.

"Kijana anamngoja baba yake wa lori," akasema. "Ila mwishoni sijamwelewa. Lori limeuzwa au limeanguka?"

Mwanafunzi wake akadakia, "Kwani si amefariki?"

Swali hilo lina thamani kuliko moto wote wa WhatsApp. Mimi nilijua dereva amekufa, kwa hiyo kila mstari kwangu ulisema hivyo. Nikaongeza mistari miwili: mtoto anaona lori lile lile Kilombero, maandishi yale yale nyuma, mtu mwingine kwenye usukani. Neno kifo halimo, na kila niliyemwimbia baada ya hapo ameelewa.

Kwa upande wa sauti nilipanda kosta kwenda Moshi, kwa mwalimu wa kwaya anayekaa Majengo. Nauli ya kwenda na kurudi haikufika elfu kumi. Akaniandikia nota za do-re-mi nyuma ya karatasi ya matangazo ya ibada, akagonga meza moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. "Mwanangu, pigo zito unaliweka wapi?" Sauti za kantri zimezoea mistari ya Kiingereza, ambayo mara nyingi huishia kwenye silabi nzito. Kiswahili uzito wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno "safari" lilikuwa linatoka "safaRI". Tukauanza mstari mapema kidogo, FA ikaangukia pigo la moja, ri ikafuata kwa ulaini. Ukitunga, gonga meza huku unasema maneno bila kuimba, utasikia yanapogongana.

Nyimbo zote za albamu nimezipitisha njia hiyo, na kadhaa nimeziweka kando. Studio tulimaliza sauti mapema kuliko tulivyopanga, na pesa iliyookoka ndiyo niliyomlipa mpiga violini wa wimbo wa vitunguu.