Siku tuliyobadilisha bushi za lowa amu

Ile sauti ilianza kidogo kidogo. Ilikuwa "ko!" moja tu nikikanyaga breki kwa nguvu, baadae ikawa kila tairi ya mbele ikidumbukia kwenye shimo, mpaka ikafika hatua nikiachia klachi haraka nasikia kitu kinagonga chini ya miguu kabisa. Kila aliyepanda hiyo pikapu alikuwa na jibu lake, huyu shokapu zimekufa, yule boljointi, mwingine stelingi imelegea. Mimi nilikuwa naangalia tairi. Za mbele zote mbili zilikuwa zinaliwa upande wa ndani, nje bado meno yamesimama vizuri, na shokapu mbovu hailigi tairi namna ile, yenyewe inaacha mabonde mabonde kuzunguka tairi nzima. Halafu kwenye barabara ya vumbi yenye mifereji gari lilikuwa linajiendea, umeshika usukani vizuri lenyewe linatafuta mfereji, ukifunga breki linavuta upande.

Basi nikaingia chini na tochi na mtaimbo mdogo. Nikauchomeka kati ya lowa amu, ule mkono wa chini wa chuma unaoshikilia tairi, na chesisi, yaani fremu ya gari, nikasukuma kidogo tu, amu nzima ikaenda mbele ikarudi, unaona kwa macho. Bushi ambayo bado ni nzima hailegei hivyo, inabonyea kwa ubishi halafu inarudi mahali pake. Hizi mpira ulishaachana na chuma.

Kwa ambaye hajawahi kuishika mkononi, bushi ya aina hii ni mabomba mawili ya chuma, dogo ndani ya kubwa, na katikati mpira ulioshikana na mabomba yote mawili. Bomba la nje limebanwa ndani ya amu, la ndani linabanwa na bolti kwenye chesisi, kwahiyo tairi ikipanda na kushuka hamna kitu kinachoteleza pale, ni mpira wenyewe unajisokota huku na huku. Naomba mtu ashike hilo maana ndo kiini cha siku nzima.

Shemeji yangu ni mkereza vyuma, ana presi, mashine ya kusukuma vyuma kwa nguvu, na akishika kazi haiachi nusu. Nilimwambia nimepata bushi mpya za mpira. Watu wengine walinishauri niweke za poliyurethani kwa kuwa gari ni la kazi ngumu, na kweli zile hazichoki haraka wala hazidhuriki na mafuta, ila ni ngumu, mtikisiko unakufikia mpaka kwenye kiti, zinataka grisi yake ya silikoni la sivyo zinalia, na mimi napita sana kwenye mawe ambapo nataka amu icheze kwa ulaini. Tukaenda na mpira.

Gari langu mbele halina springi za koili, lina tosheni baa, yaani fimbo ndefu ya chuma cha springi inayopita chini sambamba na chesisi, imeshikana na apa amu, mkono wa juu wa tairi, na inabeba uzito kwa kujisokota. Kabla ya kugusa chochote shemeji alipima urefu wa nyuzi zilizotokeza kwenye bolti ya kuirekebisha, akaandika, akapaka na alama ya rangi, ndipo tukailegeza pole pole na gari likiwa limekaa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliye chini ya gari, hapo sina mjadala na mtu. Tukapaka rangi na kwenye zile bolti za kamu, zenye kichwa cha duara lisilo sawa, ambazo ukizizungusha zinasogeza amu ndani au nje. Ukizifungua bila alama gari halitaweza hata kufika salama kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa mkao wa tairi.

Shokapu ikatoka, boljointi ikaachia. Bolti ya kamu ya mbele ikatoka kwa heshima. Ya nyuma ikagoma. Nati ilifunguka vizuri lakini bolti na bomba la ndani la bushi vilishaoana kwa kutu, ukiizungusha inazunguka na bomba lote na kile kipande cha mpira. Tulimwaga mafuta ya kulegeza kutu, tukasubiri, tukagonga, wapi. Kuchoma kwa gesi shemeji alikataa, moshi wa mpira ule ni sumu na moto unaharibu uimara wa chuma cha amu. Ikabidi tukate. Msumeno ukapita kati ya bushi na bano la chesisi, huku na huku, na hiyo ndo kazi iliyokula muda kuliko zote, mikono inakufa ganzi, chenga za chuma zinadondoka usoni (miwani ya kazi isikose), na huruhusiwi kugusa bano hata kidogo kwa sababu bano likiharibika hapo ni kuchomelea chesisi. Nashukuru niliagiza bolti mpya za kamu mapema pamoja na bushi.

Kwenye presi zile za zamani zilitoka na mlio mmoja mkali. Hapo shemeji akazigeuza geuza kwenye mwanga akaniita. "Shem, hebu njoo uone mchaniko huu." Mpira wote ulikuwa umechanika kuelekea upande mmoja, kama nguo iliyokamuliwa. Bushi iliyochoka kwa umri inapasuka pande zote. Hizi, akasema, fundi aliyezifunga kabla yangu alikaza bolti tairi zikiwa zinaning'inia hewani. Yaani mpira uligandishwa kwenye mkao wa amu ikiwa chini kabisa, gari liliposhushwa likakaa kwenye kimo chake mpira ukabaki umesokotwa muda wote, hata likiwa limepaki. Ukija kuongeza mashimo na mawe unakuta umeanza safari ukiwa umeshatumia nusu ya uwezo wako. Nilikasirika kwa kweli, maana kosa hilo halionekani, gari linatoka gereji likiwa kimya na zuri, ubaya unakuja baadae na lawama inaangukia barabara.

Bushi mpya zilikuwa zimelala kwenye friza usiku kucha. Chuma cha upana wa milimita 50 hivi kikishuka mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri kinanywea sehemu 2 au 3 za mia za milimita, ni kitu kidogo mno ila kwenye presi unakihisi. Tukasafisha tundu la amu mpaka likang'aa, tukapaka maji ya sabuni, grisi ya kawaida hapana kwa sababu mafuta ya petroli yanaufanya mpira uvimbe na kuoza, na tukasukuma kwa kubana bomba la nje tu, ukisukuma la ndani unachana mpira kabla haujafanya kazi.

Tukarudisha amu, bolti mpya kwenye alama zile zile, nati tukazipeleka kwa mkono mpaka zikagusa basi. Tosheni baa ikarudi kwenye kipimo kilichoandikwa. Gari likashushwa chini, tukaliendesha mbele na nyuma kidogo uwanjani, tukaruka ruka juu ya bampa ili likae kwenye kimo chake halisi, ndipo shemeji akalala chini na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, akakaza kwa kipimo cha kitabu cha gari, uzito wote ukiwa juu ya tairi. Panabana kweli kule chini, spana inageuka kidogo kidogo, na nadhani ndo maana mafundi wengi wanakaza gari likiwa juu.

Kesho yake nikapeleka alaimenti. Pembe za mkao wa tairi, yaani kamba, kasta na too, zote zikarudi ndani ya vipimo. Kwenye barabara ya vumbi usukani ulitulia, breki zikashika bila kuvuta, ile "ko!" haikusikika tena. Baada ya safari kadhaa za mawe niliingia tena chini kukagua, nati moja ilikubali kusogea kidogo, nikaikaza gari likiwa chini, mtaimbo nao nikauchomeka pale pale nikasukuma, amu ikabisha ikarudi. Zinazofuata ni bushi za shekeli, vile vishikio vya springi za nyuma, na shemeji ameshasema presi iko tayari.