Asilimia ngapi?
Mtu akisema "lazima mvua inyeshe leo", muulize: asilimia ngapi? Na wapi? Hapa Nairobi mvua yaweza kumwagika Westlands huku Embakasi vumbi likitimka. Kwa hiyo andika dai lenye mahali na mwisho wake: "Itanyesha Westlands kabla ya saa kumi na mbili jioni, 70%." Bila hivyo, kila mtu atajiona alipatia.

Kisha jipime. Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alitoa kipimo chepesi mwaka 1950: chukua kadirio lako, toa matokeo (1 likitokea, 0 lisipotokea), halafu zidisha jibu kwa lenyewe. Ulisema 0.7, ikanyesha: 0.09. Ulisema 0.9, jua likawaka: 0.81, na hiyo inauma, maana anayesema 0.5 kila siku hapati zaidi ya 0.25. Alama ndogo ndiyo nzuri.

Madai kumi hayatoshi. Ngoja yafike hamsini hivi. Ya 70% yakitimia nusu tu, unajiamini kupita kiasi. Kinachoharibu daftari la wengi ni kubadilisha namba wingu likishatanda. Usifute: ongeza mstari mpya, na saa yake.