Sarafu Niliyoifua Mara ya Pili

Mwaka 2011, nikiwa mwanafunzi Ufaransa, nilipanda treni Jumapili moja hadi Provins, mji mdogo wenye kuta za mawe, kama kilomita 80 kutoka Paris. Sokoni mzee mmoja alikuwa ametandaza sarafu kuukuu juu ya kitambaa chekundu. Nikaokota moja nyeusi, nyembamba kama gamba la samaki. Upande mmoja msalaba. Upande wa pili, nikadhani macho yananidanganya: kitana!

Mzee akaniambia ni denie ya karne ya 12, ya Konti Henri, mtawala wa jimbo la Champagne aliyefariki 1181. Denie, yaani ndugu wa dinari yetu ya hadithini. Fundi aliweka kibati cha fedha iliyochanganywa na shaba juu ya muhuri wa chuma uliokitwa kwenye gogo, akashika muhuri wa pili kwa mkono, akaupiga nyundo. Mkono ukiyumba kidogo, herufi zinaangukia nje. Yangu ilibaki na COMES tu, yaani “konti” kwa Kilatini, jina la Henri halipo. Wafanyabiashara wa magulio ya Champagne waliizoea sana, hata Roma wakaiiga, kitana na vyote.

Nililipa yuro 30 bila kuomba kupunguziwa, jambo linaloniuma mpaka leo.

Nilipofika chumbani, ule weusi nikauona uchafu tu. Kwetu Tanga mama husugua sinia la shaba kwa ndimu na majivu, likang'aa ukajiona uso. Majivu ningeyapata wapi ghorofa ya tano? Nikachukua limau, chumvi, dawa ya meno na mswaki mkuukuu. Sarafu iliyofuliwa kwa nyundo zaidi ya miaka 800 nyuma, nami nikaifua kama soksi. Maji yalipotoka meusi nikafurahi. Kisha ikageuka nyekundu-nyekundu kama waya wa umeme uliochunwa, na meno ya kitana, niliyoyahesabu tisa sokoni, yakabaki matano, nayo kwa kukisia.

Jumapili iliyofuata nikairudisha kwa mzee. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia, kimya, akanirudishia kiganjani.

“Ule weusi ndio uliokuwa ukiitunza,” akasema.

Jioni nikampigia mama. Alicheka mpaka akakohoa. “Nimekufunza ndimu na majivu, mwanangu. Hiyo dawa ya meno nani kakutuma?”