Pikipiki kwenye pikapu ya ndagala

Pikapu yangu ni ya ndagala, vile visamaki vikavu. Nalisema mapema kwa sababu vijana wa Panzi, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wamezoea kunipigia simu usiku: "Mama, kesho unashuka Uvira? Kuna pikipiki." Nashuka, ndiyo, tena bila mzigo, na gari tupu kwenye mteremko wa Ngomo, ulio njiani, linarukaruka kuliko lililobeba. Kwa hiyo pikipiki moja siikatai. Lakini kinachorudi kutoka Uvira ni magunia ya ndagala, na ndagala hunyonya harufu. Petroli ikidondoka kwenye bati la nyuma, mama wa soko la Kadutu ataweka pua kwenye gunia kabla hajauliza bei, na bei yenyewe hataiuliza tena.

Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni mafuta, kamba zinafuata. Tangi libaki na kidogo tu cha kuifikisha pikipiki inakokwenda. Kisha funga robine ya petroli, washa injini, iache ingurume mpaka izimike yenyewe. Hapo kabureta nayo imekauka. Ukifunga robine ukaishia hapo, kilichobaki kwenye kabureta kitamwagika kona za kwanza tu. Kuna wanaoniona mkali. Njia yangu inapita Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakakusanyika, wengine wakachota, likalipuka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Juu ya petroli sibishani na mtu.

Kupakia kwenyewe si kazi, maana Bukavu utatafuta sana mahali pasipo na mteremko. Mtoto wa dada yangu, ndiye dereva, anarudisha gari kinyumenyume hadi kwenye ukingo ulio karibu na depo, anaushusha mlango wa nyuma, na linabaki pengo la hatua moja hivi. Tunaliziba kwa ubao mnene wa mkaratusi niliopigilia vipande vya tairi kuukuu, kwa kuwa mvua ikinyesha udongo wetu unautelezesha ubao kama sabuni. Ubao nao unafungwa kwenye gari. Usipoufunga, gurudumu la nyuma likiukanyaga unachomoka, na anayesukuma ndiye anaupokea kwenye miguu.

Injini imezimwa. Kijana akitaka kupanda nayo ikiwaka, ili watu waone ufundi wake, namwambia akafanyie hayo kwenye gari la baba yake. Mmoja anashika usukani, vidole kwenye breki ya mbele. Mwingine anasukuma kwenye keria, asiguse indiketa, zikivunjika natafutwa mimi.

Shida iko ndani. Bodi ya Hilux ya milango minne ina urefu wa mita 1.5 hivi, na hizi TVS na Boxer za motari, waendesha pikipiki za abiria, zina karibu mita 2. Ukiinyoosha moja kwa moja, gurudumu la nyuma linakaa kwenye maungio ya mlango, mahali pasipo na nguvu. Tunaiweka mshazari: gurudumu la mbele kwenye pembe iliyo nyuma ya dereva, na la nyuma linaingia kwenye bati. Mlango haufungi, lakini angalau haubebi uzito.

Na stendi iinuliwe! Karibu kila motari akiona pikipiki imesimama vizuri kwenye stendi ya pembeni anataka ifungwe hivyohivyo. Njiani inabonyea, stendi inatafuna bati, kamba zinalegea. Kinachoisimamisha ni mikanda miwili ya mbele inayovuta kushoto na kulia mpaka shokapu zibonyee karibu nusu. Ukizibonyeza mpaka mwisho, sili zake zitavuja mafuta. Ukiziacha zimesimama, shimo la kwanza litazibonyeza na ndoano itachomoka. Mikanda ishike chini ya usukani, kwenye chuma kinachobana shokapu; vishikio vyenyewe vinazunguka. Gia ya kwanza. Nyuma, mikanda mingine miwili kutoka kwenye keria.

Wengi wanakuja na kamba za mpira zilizokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi. Kwa gunia la muhogo juu ya pikipiki, hakuna kinachozishinda. Kwa pikipiki yenyewe, kilo zaidi ya 100, hapana: mpira unavutika, na pale Ngomo kila kinachovutika kinacheza. Natumia mikanda ya nailoni yenye chuma cha kukazia, na kitambaa kila inapogusa rangi.

Nyangezi tunasimama kukaza upya, abiria anung'unike asinung'unike. Baada ya hapo ni Ngomo: kona, mawe, matope, malori yaliyokwama, mpaka joto la Kamanyola. Wakati wa kushuka uzito unaegemea kabini, pikipiki inatulia. Ni ile siku nisiyo na samaki, nikipandisha pikipiki ya mtu kuja Bukavu, ndipo inatafuta kutokea nyuma. Siku hiyo mikanda ya nyuma naifunga mwenyewe, dereva anune tu.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisipite Rwanda, lami hadi Bugarama halafu unavuka Kamanyola. Kwa gari peke yake, sawa. Pikipiki ya mtu, karatasi nusunusu, mpaka mara mbili? Hata upande wetu, kwenye bariere, vizuizi vya barabarani, wataomba karte roze, kadi ya usajili, ya pikipiki ambayo haijagusa barabara. Hapo mwenye pikipiki ashuke ajieleze. Mimi naonyesha karatasi za gari langu.

Uvira ni tambarare kando ya ziwa Tanganyika, hakuna ukingo wa kuegemea, kwa hiyo ubao unafanya kazi yote. Pikipiki inashuka kinyumenyume, breki imeshikwa, watu wawili pembeni. Nauli naipokea kabla mkanda wa kwanza haujafunguliwa. Halafu bodi inaoshwa kwa sabuni ya unga, hata kama hakikumwagika kitu, na hapo ndipo magunia yanaanza kupanda.