Koki kuu iko wapi? Maji na mabomba katika nyumba za Minnesota

Siku unayokabidhiwa funguo za nyumba huku Minnesota, Marekani, kabla hujapanga masufuria kabatini, shuka besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, ukatafute koki kuu ya maji. Mara nyingi iko kwenye ukuta unaotazama barabarani, kando ya mita, pale bomba la jiji linapoingilia. Ikiwa na mkono mmoja mnyoofu, hufungwa kwa robo mzunguko: mkono ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukilikatiza bomba maji yamefungwa. Ikiwa na gurudumu, zungusha kulia mara kadhaa mpaka igome. Hiyo ya gurudumu ikiwa ya zamani na imekwama, usiilazimishe kwa spana, maana shina lake hukatika ndani. Mwite fundi bomba aibadilishe mapema. Kisha waonyeshe wote wa nyumbani, hata mtoto wa miaka kumi. Kama mmepanga kwenye ghorofa, muulizeni msimamizi koki ya chumba chenu iko wapi, na asiwajibu kwa maneno tu, aje awaonyeshe.

Ninaanza na koki kwa sababu kule nyumbani Afrika Mashariki tumezoea maji yenye mwisho. Ukiwa na simtank ya lita 1,000 na bomba likapasuka, zitamwagika lita 1,000, basi. Na tangi lililo juu ya mnara wa mita 6 lina msukumo wa baa 0.6 tu. Huku hakuna tangi juu wala mgao. Bomba la jiji linasukuma usiku na mchana, kwa kawaida kati ya psi 40 na 80, yaani karibu baa 3 hadi 5 na nusu. Bomba likipasuka ukiwa zamu ya usiku, maji hayatakoma mpaka mtu ayafunge. Na kuta si tofali, ni mbao na jipsamu, vitu vinavyonyonya maji. Visipokaushwa ndani ya siku moja au mbili, ukungu huanza kuota.

Bafu nalo ni jambo tunalolikosea sana. Nyumbani sakafu ya bafu ina tundu: unaoga kwa ndoo na kopo, unadeki kwa kumwaga maji, yanajiendea. Bafu la huku halina tundu sakafuni. Chini ya vigae kuna plaiwudi, na chini ya plaiwudi kuna dari ya chumba cha chini. Maji yanayochuruzika kila siku pembeni ya beseni la kuogea huozesha mbao kimyakimya, na dalili ya kwanza mara nyingi ni choo kuanza kutikisika ukikikalia. Kwa hiyo ndoo ikae ndani ya beseni, pazia liingie ndani ya beseni, na sakafu ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Wengi wetu tunajisafisha kwa maji chooni, na kile kibomba cha kupulizia unaweza kukifunga mwenyewe kwa nusu saa, ila kama umepanga, mwenye nyumba aafiki kwanza. Funga koki ndogo iliyo ukutani nyuma ya choo, kisha flashi ili tangi lipungue maji. Tandika taulo, fungua nati ya mpira unaoingia chini ya tangi, uweke kati ya tangi na mpira huo kiungo cha njia tatu cha inchi 7/8 chenye kikoki chake na mdomo wa inchi 1/2 wa kibomba. Nunua cha shaba, si cha plastiki. Muungano huo huzibwa na wosha ya mpira iliyo ndani ya nati, kwa hiyo tepu nyeupe haina kazi hapo. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, uachie hapo. Nati ya plastiki ikikazwa kupita kiasi hupata ufa. Sasa shika hili: kila ukimaliza kujisafisha, funga kikoki cha hicho kiungo. Ukibana kidole cha kibomba na kukiachia, maji yanasimama, lakini msukumo wa jiji bado umejaa ndani ya ule mpira mwembamba. Ukiachwa hivyo kwa miezi, mpira huvimba na kupasuka, na mara nyingi hakuna mtu chumbani.

Ukiwa hapo, pima pia tangi la choo. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usiflashi kwa dakika 15. Rangi ikionekana kwenye bakuli, kile kifuniko cha mpira kilicho ndani ya tangi, chini kabisa, hakikai sawa. Kipo cha inchi 2 na cha inchi 3, basi nenda dukani na kile cha zamani mkononi. Choo kinachovuja kimyakimya kinaweza kupoteza galoni 200 kwa siku, na bili itakuja kwa jina lako.

Jikoni tatizo letu ni mafuta na unga. Mafuta ya maandazi yakiwa moto hutiririka kama maji, lakini yakishafika kwenye bomba la baridi huganda kama mshumaa. Maji ya ukoko wa ugali na punje za wali hukamatia hapo hapo, na baada ya miezi tundu la inchi 1½ limebaki la penseli. Ile mashine ya kusagia mabaki chini ya sinki haikusaidii, kwani inasaga ugali ukawa uji, na uji huo unakwenda kuganda mbele zaidi usikoweza kufika. Loweka sufuria, kwangua ukoko, tupa kwenye pipa la taka. Mafuta yapoe, yamiminie kwenye kopo tupu, kikaango ukifute kwa karatasi kabla hakijaguswa na maji.

Sinki likiziba, usikimbilie dawa kali za kuzibulia. Zikishindwa kupita hubaki zimetuama humo, na atakayefungua bomba baadaye zitamchoma. Anza na lile bomba lililopinda kama herufi U, mafundi huliita trapu. Weka ndoo chini yake, legeza nati mbili, shusha, usafishe. Unaporudisha, wosha ya plastiki iliyochongoka iwe imeelekeza upande wake mwembamba kwenye muungano, si kwenye nati. Ikigeuzwa itavuja hata ukaze vipi. Maji yanayobaki kwenye trapu ndiyo yanayozuia hewa ya maji taka isipande ndani. Ndiyo maana besimenti hunuka ghafla: tundu la sakafuni kule limekaa bila kutumika, maji yake yamekauka. Mimina ndoo moja ya maji, harufu itakoma.

Ukiflashi juu na maji yakapanda kwenye tundu hilo la besimenti, lililoziba ni bomba kuu la maji taka. Huku hakuna chemba uani ya kuinua mfuniko. Kuna kizibo cha kufungua kwa spana, mara nyingi cha inchi 3 au 4, na bomba likiwa limejaa usikifungue, uchafu wote utakumwagikia. Acha kutumia maji nyumba nzima, mwite mwenye mashine ya waya ya kuzibulia. Katika miji mingi gharama ya bomba hilo mpaka barabarani ni ya mwenye nyumba, na bima ya kawaida hailipi maji taka yaliyorudi ndani mpaka uwe umeongeza kipengele hicho. Kiulizie leo.

Halafu kuna baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Mara nyingi bomba halipasukii pale penye barafu: barafu husukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa, msukumo unapanda mpaka bomba linaachia. Nje ikishuka chini ya nyuzi 20 za Fahrenheit, kama −7 za Selsiasi, fungua milango ya kabati la sinki lililo kwenye ukuta wa nje ili joto liingie, na acha bomba lake litoe uzi mwembamba wa maji usiku kucha. Mpira wa bustani ung'olewe mwezi wa kumi. Ukiachwa, hunasa maji ndani ya bomba la nje, linapasuka ukutani, nawe hutajua mpaka majira ya kuchipua utakapolifungua na besimenti ijae.

Bomba likiganda, liache wazi, mtu mmoja asimame karibu na koki kuu. Pasha kwa draya ya nywele au taulo la moto, ukianzia upande wa bomba la kufungulia na kurudi nyuma. Moto wa gesi marufuku, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, hewa yake huua bila kunuka.

Wanaokwenda nyumbani Desemba wanaondoka wakati mbaya kuliko yote. Usizime joto ili kubana bili. Liache nyuzi 55 za Fahrenheit au zaidi, maana bima inaweza kukataa kulipa ikibainika nyumba iliachwa baridi. Weka hita ya maji kwenye hali ya safari. Kisha funga koki kuu, fungua bomba la juu kabisa na la chini kabisa mpaka maji yaishe, flashi vyoo. Kama nyumba ina vinyunyizio vya kuzima moto au joto lake linapita kwa maji, uliza fundi kwanza kabla ya kufunga. Funguo mwachie mtu anayeishi karibu, apite kila siku mbili kuangalia kama joto linawaka, na kabla hujaenda uwanja wa ndege mshushe besimenti umshikishe ile koki kwa mkono wake.