Nilivyompeleka Mama Mbudya

Mama yangu ana miaka 71, amekulia Singida, na hadi Februari hakuwa amewahi kupanda chombo cha majini. Goti lake la kulia halikunji vizuri. Alipokuja kwangu Dar tukakaa ufukweni Kunduchi, akaonyesha kidole kile kisiwa cha mbele, akasema, "Mwanangu, mimi nataka nifike pale." Pale ni Mbudya, sehemu ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa kutafuta boti bali kuangalia mwezi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu tunakuwa kwenye bamvua, na huku Dar siku hizo maji hukauka kwenye saa nne asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na kwa kuwa ufuo wa Kunduchi umelala, boti hubaki mbali, nawe unaifuata kwa miguu kwenye matope. Kijana anaweza. Mama asingeweza. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa saa hizo hizo za asubuhi na hayapandi wala kushuka sana. Kwa hiyo nilichagua tarehe kwa jedwali la maji, hata kama ilikuwa Jumatano na ikanilazimu kuomba ruhusa kazini.

Nahodha nilimwona jana yake, nikamweleza habari ya goti. Asubuhi vijana wake walikuwa tayari. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu." Jaketi la kuokolea alivalishwa akiwa bado nchi kavu, mikanda ikakazwa bila haraka. Kisha akaingia majini hadi katikati ya muundi, huku kijana mmoja ametangulia na stuli ya plastiki. Akaiweka ubavuni mwa boti na kuikandamiza kwa mikono miwili isititie mchangani. Mama akapanda stuli, akakaa kwanza kwenye ukingo wa boti, ndipo tukamgeuza tukiinua miguu yote miwili pamoja. Goti halikukunjwa hata kidogo. Tulimketisha nyuma, maana mbele ndiko boti hurukaruka. Aliushika mkono wangu njia nzima, dakika 20 hivi, lakini macho yake yalikuwa baharini.

Kisiwani tulilipa kiingilio, tukapata banda la makuti upande unaotazama bara, ambako kuna mchanga na maji ni tulivu. Upande wa pili ni mawe makali ya matumbawe, sikumpeleka. Nilidhani bahari ndiyo itamshangaza zaidi. Kumbe ni mibuyu! Aliuendea mmoja, akaupapasa gome, akasema, "Huu si wa kwetu huu? Umefikaje huku kwenye chumvi?" Akazunguka shina lote taratibu, mkono mmoja ukiwa juu yake. Nikamwambia pia kuna kaa wakubwa wa nchi kavu wanaopanda miti na kutoka usiku. Akatazama juu kwanza kabla ya kukaa.

Alitaka kuwaokotea wajukuu makombe. Nikamweleza kwamba kwenye hifadhi hayachukuliwi, kwani kaa wadogo huyafanya nyumba. Alikubali mara moja, na ninamheshimu kwa hilo, kwa sababu nimeona watu wazima wakiyajaza mifukoni. Tukala samaki wa kukaanga na chipsi, kisha akasimama majini hadi magotini, samaki wadogo wakimzunguka miguu.

Tuliondoka saa nane, kabla upepo wa alasiri haujachafua bahari. Stuli ile ile ikafanya kazi yake.

Sasa mama mdogo kule Singida ameshasimuliwa yote na anataka kuja Julai. Nimemwomba asubiri, Julai kusi inavuma na mawimbi ni makubwa kwa mtu wa mara ya kwanza. Tumekubaliana aje Novemba, na siku ya maji mafu nimeshaiwekea alama kwenye kalenda.